Barabara kamili: maana yake, na jinsi mita 24 zinavyogawanywa

Barabara kamili ni barabara ya mjini iliyopimwa na kujengwa ili kila anayeipita afike salama, awe anatembea, yuko kwenye kiti cha magurudumu, anaendesha baiskeli, amepanda daladala au ameshika usukani wa gari lake. Jina hili lilianza kutumika Marekani mwaka 2003, ila wazo lenyewe lina umri zaidi ya hapo. Jimbo la Oregon lilikuwa na sheria tangu 1971 kwamba barabara inapojengwa au kujengwa upya iwekewe njia za miguu na za baiskeli, na angalau asilimia 1 ya fedha za barabara iende huko.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila mtumiaji akichorewa mstari wake, kazi imekwisha. Mstari wa rangi haumzuii dereva wa bajaji mwenye haraka. Kosa la pili ni kudhani kila mtaa unahitaji kila kitu. Mtaa wa makazi ambako magari yanakwenda polepole unaweza kuchanganya watoto, baiskeli na magari kwenye lami moja bila shida. Kinachoamua ni mwendo.

Chukua gari la kawaida kwenye lami kavu. Likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, na dereva akachukua sekunde 1 kushtuka, litakuwa limekwenda mita 14 hata kabla hajagusa breki, na litasimama baada ya mita 28 hivi. Kwenye kilomita 30 linasimama baada ya mita 13 hivi. Yaani pale gari la pili linaposimama, la kwanza linapita bado halijaanza kupungua mwendo. Na nguvu ya kugonga kwenye 50 ni karibu mara 2.8 ya ile ya kwenye 30. Kwa hiyo mtaa ambao hauwezi kushushwa hadi 30 lazima utenganishe watu na magari kwa zege, na mtaa usio na nafasi ya zege lazima ushushwe mwendo. Kukwepa yote mawili ndiko kunakoua.

Sasa tupime. Tuseme kuna mita 24 kutoka ukuta wa duka hadi ukuta wa duka la ng'ambo. Mhandisi wa mtindo wa zamani huanza katikati: anachora njia nne za magari, kinachobaki anawaachia wapita njia. Barabara kamili hupimwa kuanzia ukutani. Kila upande weka mita 3 za waenda kwa miguu, kisha mita 2 za baiskeli, kisha nusu mita ya ukingo wa kuzitenga na magari. Jumla mita 11 kwa pande zote mbili. Katikati weka njia moja ya magari kila upande, mita 3.25 kila moja, na kati yake kisiwa cha mita 2. Zinabaki mita 4.5, yaani mita 2.25 kila upande kwa vituo vya daladala, maegesho na miti, kwa zamu.

Dereva atalalamika kwamba amenyang'anywa njia mbili. Lakini foleni za mjini hutengenezwa kwenye makutano. Lami pana kati ya mataa mawili humpeleka tu haraka kwenda kusubiri. Chama cha maofisa wa usafiri wa miji ya Marekani Kaskazini, NACTO, kinakadiria kwamba njia ya mita 3 hivi ikitumiwa na magari binafsi hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Ikipewa mabasi ya mara kwa mara peke yake, hupitisha 4,000 hadi 8,000. Ikipewa waenda kwa miguu, 9,000.

Zile mita 3 za miguu nazo zina mgawanyo wake, na hapa ndipo miji yetu inapoharibu zaidi. Mita 2 ziwe wazi kabisa: bila nguzo ya umeme, bila bango, bila kibanda cha wakala. Viti viwili vya magurudumu vikikutana vinahitaji mita 1.8 kupishana. Mita 1 inayobaki ndiyo ya nguzo, mti, benchi na, tuseme ukweli, mmachinga. Asipotengewa nafasi atajitengea, na atachagua palepale watu wanapopita, kwa sababu biashara yake ni wapita njia.

Chini ya hiyo njia mara nyingi kuna mtaro, na vipande vya zege vinavyoufunika ndivyo sakafu. Kipande kimoja kikiinuliwa kuzibua taka na kurudishwa upande, kinaacha pengo la sentimita chache. Tairi dogo la mbele la kiti cha magurudumu linazama humo. Fimbo ya kipofu inazama humo. Mifuniko ya chuma nayo hutoweka, kwani chuma chakavu kina soko. Afadhali zege zito lenye tundu dogo la kuinulia. Ukingo wa njia ya miguu usizidi sentimita 15 juu ya lami, na penye kivuko ushuke kwa mteremko wa moja kwa kumi na mbili: sentimita 15 za kupanda, sentimita 180 za urefu.

Njia ya baiskeli ina adui mmoja mkubwa, bodaboda. Watu hupanga vigingi mlangoni, lakini hakuna pengo linalopitisha kiti cha magurudumu na kumzuia bodaboda. Usukani wake ni mwembamba. Kinachosaidia ni kuinua njia ya baiskeli karibu usawa wa ile ya miguu, isiwe mkato unaomfaidisha mwenye pikipiki, na kumpa bodaboda kijiwe chake kando ya kituo badala ya kujifanya hayupo. Penye kituo cha daladala, njia ya baiskeli ipite nyuma ya kibanda. Ikipita mbele, abiria wanashukia juu ya mwendesha baiskeli.

Mabasi yenye njia maalumu hukaa vizuri zaidi katikati ya barabara. Mfumo wa mabasi ya Mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza kubeba abiria mwaka 2016 kwenye takriban kilomita 21, umepangwa hivyo kwenye Barabara ya Morogoro. Pembeni kuna maduka, maegesho na vichochoro vinavyoingia kila mita chache, na basi lingekwama. Jukwaa la kituo liko usawa wa sakafu ya basi, na vituoni kuna nafasi ya basi moja kulipita lingine. Gharama ya kukaa katikati ni kwamba kila abiria lazima avuke nusu ya barabara kwenda na kurudi. Kivuko kikiwa kibovu, basi zuri halimsaidii.

Na kivuko si lazima kiwe daraja. Daraja lililo mita 5.5 juu ya lami, likiwa na mteremko ambao kiti cha magurudumu kinaweza kuupanda, linahitaji mita 66 kupanda na 66 kushuka, achilia mbali sehemu za kupumzikia. Mtu anaona mita 30 za lami mbele yake, halafu anaambiwa atembee zaidi ya mita 160. Atakatisha chini. Kwenye Thika Road ya Nairobi, barabara ya njia nane iliyofunguliwa 2012, watu hukatisha chini licha ya madaraja yaliyopo. Kuwaita wakaidi ni rahisi kuliko kupima hatua zao.

Ndani ya mji kinachofaa ni tuta bapa: kivuko kilichoinuliwa sentimita 10 hivi, juu pana angalau mita 3, gari likipanda linapunguza, mtu akivuka hashuki. Tuta jembamba na refu kwenda juu huvunja migongo ya abiria wa siti ya nyuma. Tuta lisiloachiwa mfereji pembeni huzuia maji, na mvua ya kwanza inageuza kivuko kuwa bwawa, watu wanarudi kuvukia mbele zaidi ambako magari yana kasi. Hatua hizi ndogo zina matokeo. Shirika la Amend, lililofanya kazi ya aina hii kwenye shule za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, lilipata Tuzo ya Ross ya miji ya taasisi ya utafiti ya World Resources Institute (WRI) mwaka 2019, na baadhi ya hatua zake ni za bei ndogo sana, kama kuhamisha lango la shule kutoka barabara kubwa kwenda mtaa wa pembeni.

Kona za makutano zibane. Kona yenye duara pana humruhusu dereva anayekata kushoto kupita bila kukanyaga breki, na anayegongwa ni mwendesha baiskeli aliyekuwa ananyoosha.

Mwisho kuna saa ya mataa. Wahandisi hukadiria kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde, hivyo barabara yenye upana wa mita 13 inampa sekunde 11. Mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mkononi hutembea kama mita 0.8, na anahitaji sekunde 16. Asipopewa hizo 5, taa nyekundu inamkuta katikati, na hapo ndipo zile mita 2 za kisiwa zinapojulikana kazi yake.