Kuku wameacha kutaga: tuanze na maji

Mama mmoja wa Ndosho, hapa Goma, anafuga kuku sita kwenye kiwanja cha mawe meusi ya volkano. Alikuwa akiokota mayai manne kwa siku, na sasa ni wiki ya pili haoni hata moja. Nilipita kwake, naye akaniuliza haya.

Ninunue dawa gani?

Bado, mama. Kwanza nionyeshe wanapokunywea.

Alinionyesha kipande cha bidoni ya mafuta, kimekatwa katikati. Chini mlikuwa na maji ya kina cha kidole, yamejaa mavi na majani. Ilikuwa saa tisa mchana.

Kilicho ndani ya yai, robo tatu yake ni maji. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na hunywa karibu mara mbili ya hapo. Sita wanataka lita moja na nusu kwa siku, na zaidi ya hapo jua likiwaka. Wakikosa maji siku moja nzima, wanaweza kusimama kutaga kwa siku nyingi. Kwetu maji yanabebwa kwa bidoni, kila moja ina bei yake au jasho lake, basi kuku anakumbukwa mwisho. Maji uliyooshea mchele yanawafaa, mradi hayana sabuni wala chumvi. Na kopo lioshwe kila asubuhi.

Kama hawatagi kweli, nitajuaje?

Mimi mwenyewe nililaumu kuku wangu siku kumi, kumbe alikuwa na mayai tisa nyuma ya rundo la mbao. Pekua kila pembe kwanza. Kisha mshike kuku, uguse ile mifupa miwili iliyo karibu na tundu la kutagia. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati, anataga. Kikipita kimoja kwa shida, amepumzika.

Nawapa mahindi kila siku. Hayatoshi?

Mahindi yanampa nguvu na mafuta, lakini yai linataka protini. Changanya soya iliyokaangwa na unga wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Hata vichwa tunavyotupa vinafaa. Ganda nalo linataka kalisi, yaani madini ya kalsiamu, karibu gramu mbili kwa kila yai. Watu wengi hapa wanadhani vijiwe vya lava vinatosha kwa sababu kuku wanavidonoa kutwa. Hivyo vinasaga chakula ndani ya firigisi tu. Kausha maganda ya mayai motoni, uyatwange yawe unga, maana ukiwapa vipande vikubwa watajifunza kula mayai yao.

Kijana wangu amesoma kwamba tuwawekee taa usiku.

Ushauri huo ni wa Ulaya, ambako siku za baridi ni fupi sana. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Ila ukiwafungia kwenye jiko la giza hadi saa nne asubuhi kwa kuogopa wezi, hapo wewe ndiye unayewanyima mwanga.

Mmoja ananyonyoka manyoya, mwingine hatoki kwenye kiota.

Wa kwanza anabadili manyoya; mpe wiki 8 hadi 12. Wa pili anataka kuatamia. Kuku wa kienyeji hutaga 10 hadi 15, halafu anaatamia siku 21 na kulea vifaranga. Si ugonjwa.

Basi ugonjwa nitautambuaje?

Wakihara kijani, wakihema kwa shida, shingo ikipinda, au wakifa wawili watatu kwa mpigo, fikiria Newcastle, ugonjwa wa kuku unaoletwa na virusi. Hiyo haina dawa ya kuponya, ina chanjo tu, nayo hutolewa kabla. Usichinje wagonjwa, wala usiwauze sokoni. Ukiwagusa usijipanguse macho, maana virusi hivyo vinaweza kuyafanya mekundu. Nawa kwa sabuni, mwite veterineri.

Antibiotiki haiui virusi. Lakini ukishawapa kuku, kwa sababu yoyote, soma kwenye karatasi ya dawa siku za kungoja kabla ya kula mayai. Kuchemsha hakuondoi dawa yote, na mlaji wa kwanza nyumbani kwako ni yule mtoto anayepewa yai kila asubuhi. Swali lako kwa muuzaji liwe hili: siku ngapi?