Dalali, iandae nyumba kabla hujampigia mteja

Desemba mji wa Moshi hujaa. Wachaga wanarudi migombani kutoka Dar, Mwanza, Dodoma na ng'ambo, na kati ya Krismasi na mwaka mpya wapo wanaotenga siku moja ya kutazama nyumba. Ukiwakosa siku hiyo umewakosa, maana Januari wameshateremka.

Kazi yangu ni kuandaa nyumba zinazouzwa au kupangishwa, na wanaoniita wengi ni madalali. Watu huyaona maandalizi haya kama urembo wa kumfurahisha mwenye nyumba. Mimi naona anayefaidika wa kwanza ni dalali. Piga hesabu. Nyumba ya kupangisha inakupa udalali wa kodi ya mwezi mmoja. Ukimpeleka mtu mmoja ni huo, ukizungusha watu kumi na wawili ni huo huo. Kinachoongezeka ni mafuta ya pikipiki, vocha na siku zako. Mwenye nyumba naye anahesabu. Akiona umeleta watu wanane na wote wamekuna kichwa, funguo anampa dalali mwingine.

Marekani kazi hii ina jina lake, "home staging", tangu miaka ya 1970, dalali Barb Schwarz alipoanza kuwaeleza wenye nyumba kwa mfano wa jukwaa la maigizo: hupangwa kabla watazamaji hawajaingia. Huko wapo wanaokodi makochi na picha za ukutani. Sisi tunaweza kufika mbali kwa ndoo, sabuni, ngazi na nusu siku ya fundi rangi.

Kubwa kuliko yote ni mwanga. Nyumba nyingi za Moshi, hasa za zamani, zimejengwa kukimbia jua: baraza pana, miti mikubwa, nondo, mapazia mazito mawili mawili. Kuishi humo ni raha. Lakini mteja anatoka kwenye jua la saa saba, macho hayajazoea, na sebule inamjia kama stoo. Akili yake imeshaandika "nyumba ya giza" kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo pazia zito ninalivua, jepesi linabaki. Vioo vinaoshwa ndani na nje. Matawi yanayogusa dirisha yanakatwa. Balbu zote ziwe nzima na za mwanga wa rangi moja.

Na luku! Niliwahi kwenda na dalali na mteja wake kwenye nyumba moja ya Rau, jioni. Dalali akabonyeza swichi, kimya. Umeme ulikuwa umeisha tangu mpangaji wa zamani ahame. Tulimulika kwa tochi za simu, yule kaka akatazama dari dakika mbili, akatuaga kwa adabu. Umeme wa elfu tano ungetosha kabisa. Iliniuma, kwa sababu nyumba ilikuwa nzuri kweli.

Halafu kuna Mlima, yaani Kilimanjaro. Kutoka mjini uko kaskazini, na siku nyingi unaonekana asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, au jioni ukifunguka tena. Madalali wengi wanapeleka wateja saa tano, saa sita, wakati hakuna cha kuonyesha. Mpeleke saa moja asubuhi. Na chunguza madirisha ya kaskazini yamezibwa na nini. Kule Shanty Town tulisogeza kabati la nguo lililokuwa limeegemezwa kwenye dirisha la chumba cha juu, na kilele cha Kibo kikatokea kizima na theluji yake. Mama mwenye nyumba alisimama pale muda mrefu bila kusema neno. Picha ya dirisha hilo ndiyo dalali aliyoiweka ya kwanza kwenye tangazo.

Chumba kitupu nacho kina udanganyifu wake: huonekana kidogo kuliko kilivyo, kwa sababu jicho halina cha kupimia. Swali la kwanza la mteja huwa, "Sita kwa sita inaenea?" Kama hakuna kitanda, ninabandika sakafuni ule utepe wa karatasi wa mafundi rangi, futi sita kwa sita, naacha na nafasi ya kabati. Mteja anatembea pembeni mwa "kitanda" chake mwenyewe. Maneno hayahitajiki tena.

Nyumba inayokaliwa ni ngumu zaidi, maana unagusa maisha ya watu. Picha za mahafali, kalenda za kanisa, vitambaa vya makochi vilivyofumwa na bibi. Usimwambie mzee wa watu kwamba vitu vyake vinachafua. Shikamoo kwanza, kisha mwambie ukweli mwingine ambao nao ni ukweli: "Mzee, hivi ni vya kwenda navyo. Tuvifunge mapema visije vikavunjika siku ya kuhama." Sijawahi kukataliwa kwa maneno hayo.

Harufu nisiirefushe: fungua madirisha saa nzima kabla, mwaga maji kwenye mifereji yote ya bafuni. Ikikauka hutoa uvundo.

Ila unyevu hauandaliwi. Masika ya Machi hadi Mei hupandisha maji kwenye kuta zilizojengwa bila kizuizi, na mwezi wa saba fundi anaweza kupaka rangi juu yake ukuta ukang'aa. Mteja atahamia, masika yatarudi, rangi itavimba, na jina litakaloharibika kijiweni ni lako wewe dalali. Nikikuta ukuta wa namna hiyo namwomba dalali aseme bei na kasoro kwa pamoja, au mwenye nyumba aurekebishe kwanza. Akitaka nifunike tu, nakusanya ndoo zangu naondoka.