Je, wajua kwa nini kutuma shilingi 1,000 kwa simu kulikuwa bure Kenya mwaka 2020?

Machi 13, 2020, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Siku tatu baadaye Benki Kuu ya Kenya, chini ya gavana Patrick Njoroge, ikatangaza kwamba anayetuma pesa kwa simu, mradi hazizidi shilingi 1,000, hatakatwa hata senti. Wakati huo amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa bado, na punguzo la kodi bado. Kwa nini pesa za simu ndizo zilizotangulia? Na kwa nini 1,000, si 500 wala 5,000?

Sababu iliyotajwa hadharani ilikuwa ya afya: noti hupita mikono mingi, na serikali ilitaka watu wapunguze kuzishika. Lakini kiwango chenyewe utakielewa ukipiga hesabu ya kibanda cha mboga.

Chukua mteja anayenunua sukuma, nyanya na vitunguu vya shilingi 150. Kwa viwango vya wakati ule vya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya kampuni ya Safaricom, kutuma kati ya 101 na 500 kulikatwa shilingi 11, na kati ya 501 na 1,000 shilingi 15. Shilingi 11 juu ya 150 ni zaidi ya asilimia 7. Mwenye duka la jumla aliyetuma 50,000 alikatwa 105, yaani kama asilimia 0.2 tu. Aliyenunua kidogo ndiye aliyelipia huduma ghali zaidi, kwa hiyo alitoa noti, na mama mboga akamrudishia chenji kwa mkono uleule uliokuwa ukikata sukuma. Ada ilipoondolewa, noti ilikosa faida yake kwenye vibanda, na biashara nyingi za vibanda haziyafikii maelfu kwa mteja mmoja.

Jambo moja halikutiliwa maanani sana. Ada ya kutoa pesa kwa wakala haikuguswa. Mama mboga aliyepokea 150 kwa simu hakuwa na haja ya kukimbilia kwa wakala akakatwe. Alizikusanya humo humo, asubuhi akamtumia wa boda nauli ya kumletea mzigo, jioni akatuma mchango wa chama cha kuweka akiba. Kila hatua ikiwa chini ya 1,000, pesa ilizunguka mtaani bila kupungua.

Linganisha na msaada uliofuata. Machi 25, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kushusha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kutoka asilimia 16 hadi 14, kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1, na kodi ya faida ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25. Zilikuwa hatua nzito, na wengi walipumua. Ila mboga mbichi hazitozwi VAT tangu awali, na asiyejisajili KRA, mamlaka ya kukusanya kodi, hapunguziwi kodi asiyoilipa. Msaada wa kodi humfikia aliye kwenye vitabu. Ule wa simu haukudai fomu, foleni wala kujuana na mtu ofisini, na kwangu mimi huo ndio uliokuwa ubora wake mkubwa.

Wafanyabiashara wa kati nao walipata chao. Kabla ya hapo hungeweza kutuma zaidi ya 70,000 kwa mara moja. Benki Kuu ilipandisha kikomo hadi 150,000, na ikaagiza ada isizidi ile ya 70,000. Mwenye duka aliyedaiwa na msambazaji 90,000 hakulazimika tena kuzikata mara mbili na kulipa ada mara mbili. Kuhamisha pesa kati ya benki na simu pia kukawa bure.

Nani alilipa? Si hazina ya serikali moja kwa moja, ingawa ilikosa ushuru unaotozwa juu ya ada hizo. Mzigo mkubwa uliangukia kampuni za simu. Katika miezi sita iliyoishia Septemba 2020, mapato ya Safaricom kutokana na M-Pesa yalishuka kwa asilimia 14.5. Mpango wenyewe uliwekewa tarehe ya mwisho: kwanza Juni 30, kisha ukasogezwa hadi Desemba 31. Wakati huohuo, kufikia Oktoba, idadi ya miamala ya mtu kwa mtu ilikuwa imekaribia mara mbili ya ile ya Februari. Rwanda nayo iliondoa ada za pesa za simu mwezi uleule wa Machi.

Januari 1, 2021, ada zilirudi, lakini si zile za zamani. Kutuma hadi shilingi 100 kuliendelea kuwa bure, zile 11 zikawa 6, na zile 15 zikawa 12. Kikomo cha 150,000 hakikurudishwa chini. Mwaka 2023 kilipandishwa hadi 250,000. Ada za kutoka benki kwenda kwa simu, na kutoka kwa simu kwenda benki, zilirejea Januari 2023.