Je, wajua kwa nini usukani hutetemeka ukikanyaga breki kwenye mwendo wa barabara kuu?

Gari linatoka Iringa kwenda Morogoro, limetulia kabisa kwenye kilomita 100 kwa saa. Mbele kinaonekana kibao cha 50, kijiji kinaanza. Dereva anakanyaga breki taratibu, na usukani unaanza kutikisika mikononi mwake. Mtikisiko unakuwa mkali zaidi gari likishuka kwenye 90 hivi, kisha unapungua, na likifika 50 umekwisha. Akiachia pedali, gari ni tulivu kama mwanzo.

Fundi wengi watasema hapo hapo: diski za breki, yaani sahani za chuma zinazozunguka pamoja na tairi, zimepinda kwa moto. Maelezo hayo yameenea kila mahali kwa sababu yanaingia akilini haraka. Breki hupata moto, chuma kikipata moto hupinda, na ukipita kwenye dimbwi la maji ndiyo umekimaliza. Kwa hiyo mwenye gari ananunua diski mpya, mtikisiko unatoweka, na kila mtu anaridhika. Baada ya kilomita elfu kadhaa unarudi. Lawama inahamia kwenye diski: ni feki, ni za bei ya chini, hazikuhimili mteremko.

Lakini diski nyingi zinazotupwa kwa kosa la kupinda, zikipimwa nje ya gari, hukutwa zimenyooka. Diski ya gari dogo ni chuma cha kusubu, chuma kilichoyeyushwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,100 za Selsiasi. Kwa uendeshaji wa kawaida mjini haifiki hata nyuzi 300. Ukishuka mlima Kitonga, Iringa, na mzigo huku mguu hautoki kwenye breki, inaweza kupita 400 au 500. Hilo ni joto la kuogopwa, kwani linaunguza pedi (vipande vinavyoibana diski ili isimame), linachemsha mafuta ya breki, na maji baridi yakimwagwa juu yake yanaweza kuleta nyufa. Ila kukipinda kipande kinene cha chuma cha namna hiyo na kikabaki kimepinda hata baada ya kupoa ni jambo la nadra kuliko gereji zinavyoamini. Diski iliyopata moto sana hubadilika umbo kidogo na kurudi ikipoa, na diski iliyosubiwa vibaya inaweza isirudi sawasawa. Kwa hiyo ni haki kuuliza: mtikisiko unakuja breki zikiwa moto tu, au hata asubuhi kwenye breki ya kwanza? Ukija hata asubuhi, chanzo kikubwa cha kushuku ni unene.

Unene wa diski haulingani mzunguko mzima. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na panastahili subira.

Chukua ubao mwembamba, mtu auvute polepole katikati ya viganja vyako viwili vinavyoubana. Ubao ukiwa umepinda lakini unene wake ni mmoja, mikono yako itaufuata, kushoto kidogo, kulia kidogo, na nguvu ya kuubana haibadiliki. Sasa ubao uwe umenyooka, ila una sehemu nene. Sehemu hiyo ikifika, viganja vinasukumwa kutengana na mkandamizo unaongezeka ghafla, ikipita unalegea. Kalipa, kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, katika magari mengi madogo ni kama mikono hiyo, kwa kuwa inateleza kwenye pini zake na kuifuata diski inayoyumba. Ndiyo maana diski inayoyumba kidogo haisikiki sana kwa kuyumba kwenyewe. Sehemu nene ndiyo inayosukuma nyuma pistoni ya kalipa, inayopandisha shinikizo la mafuta, inayopigapiga mguu kwenye pedali, na inayofanya tairi lishikwe, liachiwe, lishikwe tena.

Ajabu yake ni udogo wa tofauti yenyewe. Takriban 0.02 ya milimita inatosha kusikika mikononi, na jicho haliwezi kuiona. Fundi anayepitisha kidole juu ya diski na kusema iko sawa hajakosea kwa uzembe, kidole hakina uwezo huo.

Unene huo hutoka wapi? Njia ya kwanza ni tabaka la pedi. Pedi inapofanya kazi huacha utando mwembamba wa nyenzo zake juu ya chuma, na utando huo ukiwa sawa pote breki hushika vizuri zaidi. Tatizo ni pale mtu anapomaliza mteremko mrefu, breki zinawaka, anasimama na kuendelea kukandamiza pedali. Pedi inaacha alama yake mahali pamoja.

Njia ya pili ni habu, kitovu cha chuma ambacho tairi hufungwa kwake. Diski hukaa juu ya habu, na kutu au uchafu kidogo kati yake huifanya ikae kwa kuinama. Magari ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, yanayovuta hewa ya chumvi, yana kutu hiyo kwa wingi. Nati za tairi zilizokazwa kwa mashine ya upepo bila mpangilio huleta uyumbaji uleule. Siku ya kwanza dereva hasikii kitu, kwa sababu kalipa inafuata. Lakini kila mzunguko, hata breki isipokanyagwa, sehemu ileile ya diski inagusa pedi na kulika kidogo. Kilomita elfu kadhaa baadaye sehemu hiyo imekuwa nyembamba kuliko nyingine, na mtikisiko umezaliwa. Hiyo ndiyo siri ya diski mpya zinazoharibika tena: habu haikusafishwa.

Kuhusu mwendo, hesabu ni fupi. Tairi la kipimo cha 195/65R15 lina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Sehemu moja nene inapiga mara 14. Vyuma vya chini na usukani vina mdundo wao wa asili, mara nyingi kati ya mara 10 na 20 kwa sekunde, na mipigo ikikutana na mdundo huo inakuzwa. Kwenye kilomita 50 mipigo ni 7 tu, haikuzwi, ingawa kasoro bado ipo palepale. Viungo vya chini ya gari, yaani bushi zilizochoka, boljointi au tairodi zenye mchezo, huongeza ukali, na hapo mtu hubadilisha bushi na kufurahi kwa muda wakati diski bado ni ileile.

Katika kuchunguza, swali la kwanza ni kama gari linatikisika kwenye mwendo huohuo bila breki. Likitikisika, anza na kubalansi matairi, rimu iliyopinda au tairi lililovimba. Likitikisika kwa breki tu, sikiliza mahali: usukani huelekeza kwenye breki za mbele, kiti na sakafu mara nyingi za nyuma. Usichanganye hili na ABS, mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu, ambao hupigapiga pedali pale tu tairi linapokaribia kuteleza.

Baada ya hapo ni vipimo. Saa ya kupimia uyumbaji hufungwa karibu na ukingo wa diski, nati zote zikiwa zimekazwa, na diski huzungushwa kwa mkono. Kwa Toyota nyingi ndogo kikomo cha kuyumba ni 0.05 ya milimita. Ikizidi, ivue diski, isogeze tundu moja kwenye habu, upime tena. Kilele kikihama pamoja na diski, tatizo ni diski. Kikibaki upande uleule wa habu, tatizo ni habu au beringi, na hakuna diski mpya itakayoliponya. Unene hupimwa kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo sana, katika sehemu nane za mzunguko.

Diski inaweza kuchongwa ikiwa haitashuka chini ya unene wa mwisho uliochapwa juu yake. Habu ipigwe msasa au brashi ya waya hadi chuma king'ae, na nati zikazwe kwa kuvuka upande wa pili, kisha kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ambayo kwa Toyota nyingi ndogo ni 103 Nm (nyutoni-mita). Pedi mpya zizoeshwe kwa breki kadhaa za wastani kutoka 80 hadi 20 bila kusimama kabisa, kisha gari liendeshwe kidogo bila kukanyaga breki ili zipoe. Na ukimaliza kushuka mlima, acha gari liende taratibu kwa muda kabla ya kusimama, na ukisimama uondoe mguu kwenye pedali mara tu gari limekwisha kuzuiwa kwa gia au kigingi.