Mkanda wa jeshi ukikutana hufi, hebu tuliongee hili

Wiki iliyopita kaingia kliniki mama mmoja anayekaanga samaki pale Deep Sea, hata kukaa hajakaa, kashageuka kanionyesha mgongo, "daktari mwanangu nitizamie, umebakiza vidole vingapi kukutana?" Hakuuliza dawa wala ugonjwa gani, kauliza vidole. Nimeshazoea lakini, maana hapa Tanga toka Ngamiani mpaka Raskazone kila mtu anajua kwamba mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayozunguka ubavu kama mkanda, ukizunguka ncha zikagusana unaaga dunia.

Haukutani jamani. Mishipa ya fahamu inatoka kwenye uti wa mgongo jozi jozi, mmoja unashika kulia mwenzie kushoto, kila mmoja na upande wake, ukifika katikati ya kifua ndo mwisho wa reli. Sasa kirusi kinaamkia kwenye mzizi wa mshipa mmoja, kinafuata mshipa huohuo mpaka kwenye ngozi, ndo maana yale malengelenge yanajipanga mstari kama mtu kachora na rula, na ndo maana hayavuki. Mara chache sana kwa mtu ambaye kinga imeshuka mno yanatoka pande mbili au yanatapakaa mwili mzima, huyo awahishwe hospitali haraka, ila hatari ni ile kinga, siyo ncha kugusana.

Na hicho kirusi hukukiokota jana, ni kilekile cha tetekuwanga uliyougua ukiwa mdogo, ulipona wewe chenyewe hakikuondoka, kilijibanza kwenye mizizi ya mishipa kikalala miaka 30, miaka 50, kinasubiri kinga ilegee: umri kupita 50, kisukari, VVU, dawa za saratani, saa nyingine hata sababu huioni. Aliyeieleza habari hii vizuri mwaka 1965 ni Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida tu wa mji mdogo Uingereza, alifuatilia wagonjwa wake mwenyewe miaka 16 (mie rejista ya mwaka jana tu inanishinda). Kwa hiyo mkanda hauambukizwi mtu kwa mtu. Ila yale maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, kwa hiyo funika, na kaa mbali na vichanga na wajawazito ambao hawajawahi, mpaka yakauke yote yafanye magamba.

Turudi kwa mama. Maumivu yalianza siku tatu kabla ya kipele chochote, kuungua na kuchomwa kama sindano ubavuni, akajua ni vidonda vya tumbo akanunua dawa dukani. Hapa ndo watu wengi wanapopotea, kwa sababu mkanda unauma kwanza ndo unatoka, mwingine anadhani moyo, mwingine figo. Malengelenge yalipotoka jirani kasema kakojolewa na buibui, ikapakwa dawa ya meno, haikusaidia, ikaja jivii, ile dawa ya maji ya zambarau, mgongo wote zambarau mpaka mie mwenyewe napata shida kuona ngozi. Amefika kwangu siku ya tano. Dawa yake ipo, asaikloviri, mtu mzima anameza miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku 7, lakini inafanya kazi vizuri ukianza ndani ya saa 72 toka vipele vitokee, na dozi inapangwa na daktari maana mwenye shida ya figo anapunguziwa. Dawa ya meno kazi yake ni kukuachia kidonda chenye usaha.

Ukichelewa, na hasa ukiwa mtu mzima, ngozi inapona wiki tatu nne afu maumivu yanaweza kubaki miezi, nina mzee mmoja hadi leo havai shati, anasema likimgusa tu ni moto. Huyo panado haimsaidii kitu, tunampa amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa, kidogo kidogo usiku.

Sasa lile la kunong'ona. Kijana akipata mkanda mtaa mzima unasema ana ngoma, basi anajificha ndani wiki nzima na saa zinakwenda. Kweli VVU inaufungulia mlango na mie kila mgonjwa namshauri apime, hasa kijana, lakini bibi wa miaka 70 anaupata kwa uzee wake tu. Chanjo ipo, Marekani wanachanja kuanzia miaka 50, kwetu haimo kwenye chanjo za kawaida.

Mama wa Deep Sea nilimpa dawa hivyohivyo sababu malengelenge mapya yalikuwa bado yanatoka. Anafunga khanga aondoke ndo ananiambia, eti yule jirani wa buibui naye toka jana anaungua paji la uso, vipele vimeshuka mpaka ncha ya pua na kope imevimba. Pua na jicho wanashea mshipa mmoja, kwa hiyo jicho liko hatarini. Nikamwambia mama, panda bodaboda sasa hivi, mlete, nauli nalipa mimi.