"Mshikaji Yupo" na Dhana Nyingine Zinazowaangushia Watu Chuma Kifuani

Karakana za kuchomelea za Nyakato, Igoma na Buhongwa zinatengeneza mabenchi ya kifua, yale ya kulalia na kusukuma vyuma, kama zinavyotengeneza mageti. Ni jambo jema, maana benchi la fundi wa Mwanza halina sababu ya kuwa duni kuliko la kutoka nje. Tatizo ni maagizo ya mteja. Akishakubali kimo, rangi na sponji, ananyoosha kidole kwenye vyuma viwili vilivyotokeza mbele ya nguzo: "Hivi toa fundi, vinakula hela tu." Muulize akizidiwa itakuwaje, na jibu ni lile lile.

"Mikono ya kukingia ya nini? Mshikaji yupo."

Haya, mshikaji wa kukusaidia kuinua yupo. Amesimama nyuma ya kichwa chako, benchi limemzuia asisogee, kiuno kimeinama, mikono imenyooka mbele. Katika mkao huo hata mbeba magunia wa Mwaloni Kirumba anapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, kwa sababu mzigo uko mbali na miguu yake. Anachoweza ni kukuongezea kilo 5 au 10 kwenye chuma ambacho bado kinapanda. Chuma kilichoachiwa ni habari nyingine. Baa, kile chuma kirefu kinachovishwa sahani za uzito, ikikuponyoka mikono ikiwa imenyooka, zile sentimita 40 mpaka kifuani inazimaliza kwa takriban sekunde 0.3. Mshikaji hajamaliza hata kusema "oya". Na hapo tunadhani alikuwa anakuangalia wewe, si simu.

Tena haiangukii kifuani peke yake. Misuli ikiisha nguvu, viwiko hukunjika ovyo na baa huvingirika kuelekea shingoni. Baa iliyolala kooni haikuachii pumzi ya kumwita mtu. Wapo wanaojitetea kwamba wao hawabebi kikubwa. Kilo 40 juu ya koo ni kikubwa.

Mikono ya kukingia ina kazi moja: ukizidiwa, baa ilale juu ya chuma, isilale juu yako. Haichoki, haiendi msalani. Ila ni lazima iwekwe kwenye kimo chake, na hapa ndipo hata wanaoikubali wanapoharibu. Wanaiweka chini kabisa "isiguse", kisha inabaki pambo.

Kipimo ni hiki. Lala, inua kifua kama unavyokiinua ukisukuma, shusha baa tupu mpaka iguse kifua. Uso wa juu wa mkono wa kukingia uwe sentimita 2 hadi 3 chini ya baa. Sasa toa pumzi yote na ulalishe mgongo kwenye benchi. Baa inapaswa kubaki imelala juu ya mikono, na wewe uweze kuteleza kutoka chini yake. Kisha isogeze taratibu mpaka juu ya shingo: lazima upenyo ubaki kati yake na koo. Usipobaki, pandisha mikono ya kukingia tundu moja kwenye nguzo. Kwa sababu hiyo matundu ya nguzo yaliyoachana sentimita 10 hayafai. Eneo la kifua yaachane sentimita 2.5, kwingine 5 zinatosha. Pini inayoushikilia mkono iwe ya milimita 16, tundu la 17, na ipenye kuta zote mbili za nguzo. Tundu litobolewe kwa drili. Lile linalochomwa kwa fimbo ya kuchomelea huwa na kingo zilizoungua na umbo la yai, pini inacheza ndani yake, na kila baa ikigonga tundu linazidi kupanuka.

Sasa unene. Mafundi wengi huwaza hivi: baa ina kilo 100, mikono ni miwili, basi kila mmoja unabeba 50. Hiyo ni hesabu ya baa iliyolazwa kwa upole. Baa ya kilo 100 ikianguka sentimita 10 na kusimamishwa ndani ya sentimita 1, nguvu ya wastani ya kipigo ni mara 11 ya uzito wake, yaani sawa na kilo 1,100, au 550 kwa kila mkono. Baa ikipiga sentimita 30 kutoka kwenye nguzo, skwea paipu ya milimita 50 kwa 50 yenye ukuta wa milimita 1.5 inakunjika. Ya 60 kwa 60 yenye ukuta wa milimita 3 inabaki na akiba. Ndiyo, bei inapanda. Kata gharama kwenye rangi.

Juu ya kila mkono funga ukanda wa mpira wa tairi, ule ule wa makubazi, kwa bolti ambazo vichwa vyake vimezama ndani ya mpira. Hauwekwi kwa ajili ya kelele. Mpira ukibonyea na chuma kikasimama ndani ya sentimita 2 badala ya 1, kipigo kinashuka kutoka mara 11 hadi mara 6. Hakuna kipande cha chuma utakachoongeza kwa bei ya kipande cha tairi kikakupa nafuu kama hiyo.

Mambo mawili ya mwisho kwenye mikono. Ncha yake iwe na kizuizi kilichosimama angalau sentimita 5, la sivyo baa itavingirika na kukudondokea miguuni au tumboni. Na miguu ya fremu ifike mbele mpaka chini ya ncha ya mikono, halafu irudi nyuma ya nguzo sentimita 30 hadi 40. Mbele ni kwa ajili ya baa inayoanguka, nyuma ni kwa ajili ya baa inayorudishwa kwa nguvu kwenye ndoano zake za kupumzikia na kuzisukuma nguzo. Fremu yenye miguu mifupi hupinduka nawe ukiwa ndani yake.

Kwa wenye jimu za uwanjani huku vilimani, Mabatini na kwingineko: miguu minne kwenye ardhi ya mteremko si minne, ni mitatu na mmoja unaoning'inia. Kipande cha jiwe ulichokisukumia chini ya mguu hutoka siku baa inapogonga. Mwaga sakafu ndogo ya zege iliyopimwa kwa pima maji, au weka bolti za kusawazisha kwenye miguu.

"Chuma kizito ndicho imara."

Kilicho imara ni chenye umbo sahihi. Skwea paipu ya 50 kwa 50 yenye ukuta wa milimita 3 ina takriban kilo 4.4 kwa mita. Ya 60 kwa 60 yenye ukuta wa milimita 2 ina kama 3.6. Hiyo nyepesi ndiyo inayoshinda, kwa tofauti ndogo, ukijaribu kuikunja. Mkunjo hupingwa zaidi na upana wa paipu kuliko unene wa ukuta wake. Ukuta mwembamba una udhaifu wake: moto wa kuchomelea huutoboa upesi, na pini huuchana. Ndiyo maana nguzo na mikono vibaki kwenye milimita 3, na vipande vya kuunganishia tu ndivyo viwe vya 2.

Dhana hii ina ndugu yake: mshono mnene wa kuchomelea ni mshono imara. Mara nyingi ni mshono uliolala juu ya chuma kama ugali juu ya sahani, haukuingia. Saga rangi na kutu kwanza, tumia fimbo kavu (zinazolala karakana ya wazi msimu wa mvua hunyonya unyevu, na mshono unatoka na matundu), gonga ganda linalofunika mshono, angalia kabla ya kupaka rangi. Mteja anayepokea benchi lililokwisha kupakwa rangi amenunua rangi. Na pale mkono unapokutana na nguzo, au nguzo na mguu, weka pembetatu ya bamba. Pembetatu moja ina maana kuliko mishono mitatu ya kurudia.

"Nguzo zikae karibu, chumba changu ni kidogo."

Baa ya mashindano ya wanaume ina kilo 20, urefu wa mita 2.2, na mita 1.31 kati ya vizuizi vya ndani vya sahani. Weka nguzo zilizoachana sentimita 60. Maliza zoezi, toa sahani zote za kushoto, acha kilo 20 upande wa kulia. Zile 20 ziko kama sentimita 40 nje ya nguzo, wakati uzito wa baa wenyewe uko sentimita 30 tu ndani yake. Baa inapinduka, upande mtupu unaruka, na aliyesimama hapo anapigwa kidevuni. Nguzo zikiachana mita 1.1, zile kilo 20 hazina ubavu wa kuipindua. Kama chumba hakitoshi nguzo za mita 1.1, basi hakitoshi baa ya mita 2.2. Nunua dambeli.

Tukiwa kwenye vipimo: benchi "pana la raha" huzuia mabega kurudi nyuma na viwiko kushuka. Kanuni za shirikisho la kimataifa la paualifti (mchezo wa kunyanyua vyuma), IPF, zinataka upana wa sentimita 29 hadi 32, kimo cha 42 hadi 45, urefu usiopungua mita 1.22. Fuata hivyo. Wafupi waweke mbao chini ya miguu, wasikate benchi.

"Kilo ni kilo, hata ya saruji."

Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege hufika karibu kilo 9.5, ndoo ya lita 20 kama 47. Karibu. Kokoto zikiwa nyingi upande mmoja, au maji yakizidi, makopo mawili yanayofanana hayalingani, na bega moja ndilo linalolipa. Pima kila moja kwenye mizani ya sokoni, kisha uandike. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba kopo limegandia kwenye bomba linalotumika kama baa, halizunguki wala halitoki. Kifundo cha mkono kinapogeuka, uzito wote unataka kugeuka nacho. Na ukitaka kuongeza kilo 2 huna njia, unaruka kutoka kopo dogo hadi kubwa. Bomba la maji lenyewe linajipinda likigonga mikono ya kukingia, hasa lililokatwa hesi za kuzungushia mwishoni, maana pale ukuta umepungua. Na baa haiungwi katikati kwa kuchomelea, hata fundi awe bingwa kiasi gani. Mshono ule hupata ufa polepole kwa kupinda na kunyooka, na hautoi taarifa.

"Ziwa letu halina chumvi, kutu ni shida ya Dar."

Kutu inahitaji maji na hewa. Chumvi inaharakisha tu. Skwea paipu yenye matundu ya pini huingiza mvua na kuoza kutoka ndani huku nje inang'aa. Toboa tundu dogo la kutolea maji chini ya kila nguzo, funika juu, na kila baada ya msimu wa mvua gonga nguzo kwa nyundo ndogo sehemu za chini. Mlio ukibadilika kuwa mfu, hiyo nguzo imekwisha.

"Kamba ya mtumbwi haikatiki."

Hii ni kwa wenye mashine za kuvuta chuma kutoka juu. Kamba ya plastiki ya wavuvi inafanya kazi yake vizuri majini. Kwenye puli ndogo (gurudumu la kupitishia kamba), chini ya jua, ikiwa na fundo, ni kamba nyingine. Fundo peke yake laweza kuondoa karibu nusu ya nguvu yake, jua linakausha nyuzi, na puli inazisaga mahali pale pale kila siku. Ikikatika, mpini uliokuwa unauvuta kwa nguvu zako zote unakuja usoni. Waya wa klachi wa bodaboda nao ni mwembamba mno.

Weka waya wa chuma wa milimita 6 wenye nyuzi nyingi nyembamba na koti la plastiki, ambao nguvu yake ya kukatika ni angalau mara 6 ya mzigo mkubwa utakaoubeba. Puli isipungue kipenyo cha milimita 100, maana waya ukikunjwa kwenye puli ndogo, nyuzi zake zinachoka. Mwishoni menya koti, zungusha waya kwenye kikombe cha chuma (kipande chenye mfereji kinacholinda kitanzi) na ufunge klipu 3 za kubana waya, zilizoachana kama sentimita 4. Karibu kila mashine ya mtaani ina kosa moja hapa: klipu zimegeuzwa. Upande wa tandiko, kile kipande kinene cha klipu, ukae kwenye waya unaobeba mzigo, na ule msumari wa umbo la U ubane mkia, yaani ncha iliyorudishwa. Ukigeuza, U inauma waya unaobeba. Baada ya kuvuta mzigo mara ya kwanza kaza nati tena, kwa sababu waya hupungua unene ukivutwa. Kila Jumatatu pitisha kitambaa urefu wote wa waya, polepole zaidi karibu na klipu na pale unapopita kwenye puli. Uzi mmoja ukinasa kitambaa, waya huo unatolewa siku hiyo hiyo.