Je, wajua kwa nini drili inapita ukutani fasta halafu inagoma juu ya dirisha?

Nyumba nyingi Tabora, iwe Isevya, Ng'ambo au Cheyo, ukuta ni tofali za kuchoma. Fundi anakuja kukufungia tivii, anachomeka drili, muda mfupi tu tundu tayari, roho yako inatulia. Halafu unamwambia basi nifungie na mabomba ya pazia hapo juu ya dirisha, na hapo ndo kelele zinaanza, drili inalia, vumbi linatoka kiduchu, biti inabadilika rangi inakuwa ya bluu, jamaa anaegemea mashine kwa kifua mpaka stuli inataka kuteleza, ukichungulia tundu lenyewe halijafika hata kina cha kucha. Mashine ni ileile na biti ni ileile, sasa shida nini?

Shida ni kwamba hapo juu sio tofali tena. Hapo imepita lenta, yaani zege na nondo ndani yake, ndo iliyobeba tofali zote za juu zisidondokee dirisha. Na zege la huku lina kokoto za granaiti, maana Tabora yote imekaa juu ya miamba hiyo ya kale. Granaiti ina madini ya kwatzi, na kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kile ambacho ulanga ni 1 na almasi ni 10, kwatzi iko 7. Chuma cha biti ya kawaida kinacheza karibu na hapohapo, kwa hiyo ukikisugua kwenye kwatzi kinacholika ni biti. Ndo maana biti za zege zinabandikwa ncha ya tungsteni kabaidi ambayo iko kama 9 hivi. Ukiiangalia vizuri utaona kibamba kidogo kimepachikwa mbele, na wala sio kikali, ukikigusa kidole hakikati. Biti ya mbao ina makali kwa sababu mbao inakatwa. Jiwe halikatwi hivyo, linavunjwavunjwa. Kwa hiyo fundi seremala akikwambia biti yake "inakula kila kitu", mwache atoboe makabati.

Lakini fundi wetu alikuwa na biti ya zege kabisa, na bado imegoma. Hapa ndo penyewe.

Zamani, kabla ya umeme, tundu la kwenye zege lilitobolewa kwa nyundo na patasi: unapiga, unazungusha patasi kidogo, unapiga tena. Kinachofanya kazi ni pigo, mzunguko ni wa kuhamisha ncha na kutoa vumbi tu. Sasa madukani kuna mashine mbili zote zinaitwa drili ya kupiga, zote zina kialama cha nyundo, ila ndani ni watu tofauti kabisa.

Ya kwanza ni drili ya kawaida yenye swichi ya nyundo. Ndani ina visahani viwili vya meno vinavyotazamana, ukisukuma mashine meno yanapandana na kushuka, trrrrr, ndo hayo mapigo. Kama mashine inazunguka mara 3,000 kwa dakika na kisahani kina meno 16, unapata mapigo 48,000 kwa dakika, namba inayopendeza sana kwenye boksi. Lakini piga hesabu: hayo ni mapigo 800 kwa sekunde, na mashine ni ya wati 800. Hata kama umeme wote ungeenda kwenye kupiga, kitu ambacho hakiwezekani kwa sababu mwingi unaishia kwenye kuzungusha na joto, kila pigo lingepata juli moja tu, na juli ndo kipimo cha nishati ya pigo. Uhalisia ni chini ya hapo sana. Na nguvu ya pigo inategemea unavyosukuma, ndo maana yule jamaa anaweka kifua.

Ya pili ina pistoni. Mota inasukuma pistoni ndani ya silinda, pistoni inabana hewa, hewa iliyobanwa inarusha chuma kizito kinachokwenda kugonga kitako cha biti. Mapigo ni machache, kama 4,000 kwa dakika, ila kila moja lina juli 2 mpaka 3 kwa zile mashine ndogo za mkononi. Juli 2 ni sawa na kilo moja ya sukari ikidondoka sentimita 20, sasa fikiria inadondoka mara 67 kila sekunde kwenye kancha kadogo ka milimita 6. Kokoto haina ujanja. Wati zinaweza kuwa zilezile 800, na wewe husukumi, unaishika tu na kuielekeza, ukikandamiza sana ndo unaiharibia kazi.

Mashine hii utaijua kwa mdomo wake. Haina yale meno matatu ya kukazwa na ufunguo, biti zake zina mifereji kwenye kitako, unaingiza klik, na ukiivuta biti inacheza mbele na nyuma. Watu wengi dukani wanadhani imelegea wanairudisha! Inatakiwa icheze, ili pigo liishie kwenye biti bila kuhangaika kusukuma mdomo mzima wa mashine. Mfumo huo unaitwa SDS, ulitoka Bosch miaka ya 1970, na ule mdogo, SDS-plus, kitako chake ni milimita 10. Upo mkubwa wa milimita 18, SDS-max, huo waachie wanaovunja zege, kwa pazia ni kujitesa.

Kwa hiyo ukienda kununua, wati zisikupe kiwewe, wati ni umeme unaoliwa. Uliza juli. Kama boksi lina mapigo elfu arobaini na kitu na halitaji juli popote, hiyo ni ya visahani, chukua tu kama kazi yako ni mbao, chuma chembamba na tofali. Kama unafunga madirisha ya alumini, mageti, mabomba ya pazia, yaani unakutana na lenta na nguzo kila siku, ya pistoni ya juli 2 na kitu inakutosha kabisa.

Ila usije ukaipeleka hiyo kwenye tofali la kuchoma ukiwa umewasha nyundo. Tofali letu ni laini, pigo la hivyo linalipasua, tundu linatanuka kama faneli, kile kiplastiki cha kushikia skrubu kinazunguka tu humo ndani na tivii inaning'inia kwa imani. Ukiwa kwenye tofali, nyundo izime, acha mzunguko peke yake na biti ileile ya zege. Na vaa miwani na barakoa, vumbi la kwatzi sio vumbi la kupuliza kwa mdomo ukaendelea na stori.

Halafu kuna siku utakuwa na mashine sahihi, inakwenda vizuri, ghafla inasimama na sauti inabadilika kuwa ya chuma. Hiyo ni nondo. Usibishane nayo, kabaidi inavunja jiwe, chuma haikivunji, utaing'oa ncha bure. Nondo ndefu za lenta zimelala, ringi, yaani vile vyuma vinavyozizunguka na kuzishika pamoja, zimesimama, kwa hiyo jaribu kwanza kusogea pembeni sentimita 2 au 3, ikigonga tena basi umekutana na iliyolala, panda juu kidogo.